Vibao vya Kuelekeza Wageni: Somo la Sayansi katika Maonyesho ya Shule

Katika maonyesho ya sayansi ya shule moja ya sekondari, miaka kadhaa iliyopita, bibi mmoja alitoka kijijini asubuhi kwa miguu ili aone kazi ya mjukuu wake. Kijana huyo alikuwa katika kikundi cha Kilimo, na kwa miezi minne yeye na wenzake walikuwa wamelinganisha aina tatu za mbolea ya mboji katika vitalu vya mahindi. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waamuzi. Saa kumi jioni, zawadi zilipokwisha kutolewa na vikundi vimeanza kung'oa michoro ukutani, bibi alikutwa ameketi chini ya mwembe karibu na lango. Alikuwa amefika mapema kuliko wageni wengi. Alipouliza njia aliambiwa, "Mbele, kisha kushoto." Alikwenda mbele, akapita bwalo, akafika mahali ambapo palikuwa na kibao chenye mshale. Kusoma hakujua, na mshale wenyewe ulikuwa umepigiliwa mti uliopinda, hata haikujulikana kama unaelekeza mbele au pembeni. Akafuata upande wa kulia, akajikuta penye vyoo, akaona haya, akarudi alikotoka.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kauli hiyo ni ya kweli kwa mgeni. Lakini mwenyeji aliyewaita watu mia tatu, kisha akawaacha wote waulize njia, hana budi kujilaumu. Wanafunzi wale walipima nitrojeni na urefu wa mimea kwa uangalifu mkubwa, ila hakuna aliyepima kama kibao cha kuelekeza kwenye kazi yao kinaonekana, kinasomeka na kinaeleweka. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba mambo hayo matatu yanaweza kupimwa na kukokotolewa kwa hisabati na fizikia ya sekondari, na kwamba vibao vya maonyesho vyaweza kuwa zoezi la sayansi sawa na maonyesho yenyewe.

Historia kwa ufupi

Kuwaelekeza watu kwa picha si jambo jipya, lakini kufanya hivyo kwa utaratibu mmoja ni kazi ya karne ya 20. Huko Vienna, mwaka 1925, Otto Neurath alianzisha jumba la makumbusho lililoeleza mambo ya jamii na uchumi kwa picha ndogo za namna moja. Kutokana na kazi hiyo kulizaliwa mtindo uitwao Isotype. Baada ya kifo chake, mkewe Marie Neurath aliendeleza kazi hiyo, na katika miaka ya 1950 aliifanya pia kwa ajili ya wananchi wa magharibi mwa Nigeria.

Mwaka 1964, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Tokyo, wenyeji walijua kwamba wageni wengi hawatajua kusoma Kijapani. Wakabuni mfululizo wa picha-alama kwa kila mchezo na kwa kila huduma. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1967, maonyesho ya dunia yalifanyika Montreal, Kanada. Watu walioingia walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 50. Msanifu wa vibao vyake, Paul Arthur, alitumia picha badala ya maneno pale ilipowezekana. Hata viwanja vya kuegeshea magari vilitambulishwa kwa picha za wanyama, kwa sababu mtu husahau namba kwa urahisi kuliko anavyosahau mnyama.

Mfano unaofanana na tatizo letu zaidi unatoka Mexico. Reli ya chini ya ardhi ya jiji la Mexico ilipofunguliwa tarehe 4 Septemba 1969, kila kituo kilipewa picha yake, kazi ambayo Lance Wyman alishiriki kuibuni. Kituo cha Chapultepec kina picha ya panzi, kwa kuwa jina hilo katika lugha ya Kinahuatl lina maana ya kilima cha panzi. Abiria asiyejua kusoma aliweza kuambiwa, "Shuka penye panzi," naye akafika.

Tangu hapo kazi hii imewekewa viwango. Nchini Marekani, mwaka 1974, zilitolewa picha-alama 34 kwa ajili ya viwanja vya ndege na vituo vya usafiri. Mwaka 1979 zikaongezwa 16, zikawa 50. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango chake cha picha-alama za huduma kwa umma mwaka 1980.

Mgeni hupoteaje?

Mwaka 1960, Kevin Lynch alichapa kitabu juu ya namna watu wanavyoushika mji akilini. Alieleza kwamba mtu hujenga ramani ya akilini kwa vitu vitano: njia, kingo, maeneo, makutano ya njia, na alama kuu zinazoonekana kwa mbali. Kwa kazi yetu, jambo kubwa ni makutano, yaani njia panda. Katika njia iliyonyooka mgeni hahitaji kibao, anaendelea tu. Anapofika njia panda ndipo anapolazimika kuamua, na hapo ndipo anapopotea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kununua rangi. Hatua ya kwanza ni kuchora mchoro wa njia. Hebu tuirahisishe ramani ya shule ile. Kutoka langoni hadi mlingoti wa bendera ni mita 40. Penye mlingoti njia zinagawanyika mara tatu: kushoto ni maabara za Fizikia, Kemia na Baiolojia, kulia ni madarasa yenye maonyesho ya Hisabati na Jiografia, mbele ni bwalo. Nyuma ya bwalo njia inagawanyika tena mara mbili: kushoto ni shamba la shule lenye maonyesho ya Kilimo, na kulia ni vyoo.

Tuseme mgeni hana kibao wala mtu wa kumuuliza, anabahatisha tu. Penye mlingoti uwezekano wa kuchagua njia ya Kilimo ni 1/3. Nyuma ya bwalo ni 1/2. Kwa hiyo uwezekano wa kufika Kilimo moja kwa moja ni:

1/3 × 1/2 = 1/6

Wageni 60 wakibahatisha, twatarajia 10 tu wafike bila kurudi nyuma. Kemia, ambayo ipo kwenye veranda moja na maabara nyingine, itafikiwa na wageni 20. Basi hata kabla ya kazi kuangaliwa ubora wake, ramani peke yake imekwisha kuwapunja wanafunzi wa Kilimo. Kundi lililo mbali ndilo linalohitaji vibao vizuri kuliko yote, na aghalabu ndilo linalopewa vibovu.

Sasa tuseme vibao vipo, lakini kila kimoja kinaeleweka na watu 9 kati ya 10. Mwalimu anaweza kuridhika na alama hiyo. Mgeni wa Kilimo, hata hivyo, anapita vibao vitatu: cha mlingoti, cha nyuma ya bwalo, na kile cha mlango wa shamba kinachomwambia kwamba amefika. Wanaofika bila kukosea ni:

0.9 × 0.9 × 0.9 = 0.729

Yaani watu 73 hivi kati ya 100. Watu 27 wamepotea ingawa kila kibao, kikitazamwa peke yake, kilionekana kizuri. Uwezekano wa kuelewa kila kibao haujumlishwi, huzidishwa. Kwa sababu hiyo vibao vyote vya maonyesho sharti vibuniwe pamoja na mkono mmoja, vikiwa na rangi moja, herufi za namna moja na mshale wa namna moja. Kikundi kila kimoja kikijichorea kibao chake, mgeni hulazimika kujifunza lugha mpya katika kila njia panda.

Urefu wa herufi

Mwaka 1862 Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht nchini Uholanzi, alitunga chati ya herufi ambayo bado inatumika katika kliniki za macho. Alitumia kanuni ifuatayo: jicho lenye uwezo wa kawaida hutambua herufi ambayo urefu wake unafanya pembe ya dakika 5 jichoni, na unene wa mstari wa herufi hiyo unafanya pembe ya dakika 1. (Dakika 60 hufanya digrii 1.) Tanjenti ya dakika 5 ni karibu 0.00145. Kwa hiyo kwa mtu aliyesimama mita 6 kutoka kwenye chati, urefu wa herufi ni:

6,000 mm × 0.00145 = 8.7 mm

Huo ni mwisho wa uwezo wa jicho zima, penye mwanga wa kutosha, mtu akiwa ametulia na anajitahidi. Mgeni wa maonyesho hayumo katika hali hiyo. Anatembea, jua linampiga usoni, anaongea na mwenzake, na huenda macho yake ni ya uzeeni. Kwa hiyo wasanifu huzidisha kipimo hicho mara tatu au zaidi. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kwamba urefu wa herufi uwe sehemu moja ya 200 ya umbali wa kusomea:

urefu wa herufi = umbali ÷ 200

Mgeni akitakiwa kusoma kutoka mita 10, herufi iwe na urefu wa milimita 50. Kutoka mita 20, milimita 100. Katika mita 10 herufi ya milimita 50 inafanya pembe ya dakika 17 hivi, ambayo ni zaidi kidogo ya mara tatu ya mpaka wa Snellen. Unene wa mstari uwe kati ya 1/5 na 1/6 ya urefu wa herufi. Mstari mwembamba mno hupotea kwa mbali, na mnene mno huziba matundu ya herufi kama a na e.

Umbali wa kusomea nao hauchaguliwi ovyo. Mtu hutembea kwa mwendo wa mita 1.3 hivi kwa sekunde. Kibao kinachosomeka kuanzia mita 10, ukiacha mita 3 za mwisho ambapo mgeni ameshakaribia mno na inambidi kuinua shingo, kinampa mita 7 za kusoma, yaani sekunde 5 na kidogo. Katika sekunde hizo huweza kusoma majina matatu au manne, si kumi. Penye mlingoti tutachagua umbali wa mita 20, ili mgeni aamue kabla hajafika, asisimame katikati ya njia na kuwazuia walio nyuma yake.

Pembe ya kibao nayo ina hesabu yake. Kibao kilichobandikwa ukutani sambamba na njia huonekana kwa ubavu. Mgeni akikitazama kwa pembe ya digrii 60 kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya uso wa kibao, upana wa herufi hupungua kwa kosaini ya 60, yaani nusu. Herufi O hugeuka kuwa kama yai jembamba. Kwa sababu hiyo kibao cha njia panda kisimame kikimkabili ajaye. Ukingo wake wa chini uwe mita 2.2 hivi kutoka ardhini, ili vichwa vya walio mbele visikifunike. Kibao cha mlangoni kinasomwa kwa karibu, basi kiwe chini, kiasi cha mita 1.5, ili watoto na watu wa viti vya magurudumu wakione pia.

Rangi na mwanga

Herufi huonekana kwa sababu inaakisi mwanga kwa kiasi tofauti na ubao wake. Tofauti hiyo hukokotolewa hivi: chukua asilimia ya mwanga inayoakisiwa na rangi nyeupe zaidi, toa ile ya rangi nyeusi zaidi, kisha gawanya kwa ile ya kwanza. Tukichukua kwamba rangi nyeupe inaakisi 80 na nyeusi inaakisi 5:

(80 – 5) ÷ 80 = 0.94

Tukiandika kwa manjano inayoakisi 65 juu ya nyeupe ile ile:

(80 – 65) ÷ 80 = 0.19

Ndiyo maana maandishi ya manjano juu ya karatasi nyeupe ya manila, ingawa yanapendeza mezani, hayaonekani kutoka mlingotini. Yafaa tofauti isipungue 0.70. Nyeusi juu ya nyeupe, nyeupe juu ya buluu iliyoiva, na nyeusi juu ya manjano hutimiza sharti hilo.

Kosa jingine la kawaida ni kutumia nyekundu na kijani zikiwa pamoja. Rangi hizo zaweza kuakisi mwanga sawasawa, zikatofautiana kwa rangi tu, na wapo watu wasiozitofautisha. Katika watu wa asili ya Ulaya, karibu mwanamume 1 kati ya 12 ana upungufu huo wa kuona rangi. Katika Afrika idadi ni ndogo zaidi, lakini haikosekani. Kwa hiyo rangi isibebe ujumbe peke yake. Daima ifuatane na neno, picha au umbo.

Aidha, rangi nyingine zimekwisha kupewa kazi na viwango vya kimataifa: nyekundu ni ya makatazo na vifaa vya kuzimia moto, manjano ni ya tahadhari, buluu ni ya amri, na kijani ni ya usalama, kama vile njia ya kutokea wakati wa hatari na huduma ya kwanza. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe unalindwa na Mikataba ya Geneva na usichorwe kwenye hema la huduma ya kwanza la shule. Alama inayofaa ni msalaba mweupe juu ya kijani.

Maneno ya Kiswahili kwenye kibao

Vitabu vingi juu ya vibao vimeandikwa kwa kufuata lugha za Ulaya, ambazo tofauti ya maneno yake aghalabu hujitokeza mwanzoni. Kiswahili kina tabia yake. Kwa sababu ya viambishi awali, maneno mengi huanza namna moja na kutofautiana katikati au mwishoni. Tazama mifano ifuatayo:

Wanaume – Wanawake
Kuingilia – Kutokea
Chumba cha Fizikia – Chumba cha Kemia
Mlango wa Kuingilia – Mlango wa Kutokea

Maneno "Wanaume" na "Wanawake" yana herufi nne za kwanza zilizo sawa kabisa, na urefu wake umepishana herufi moja tu. Kwa mbali mgeni huona mwanzo na urefu wa neno kabla ya kuona mengine. Hapo ndipo aibu ya vyooni inapotokea. Vifupisho "Me" na "Ke", ambavyo vimezoeleka katika fomu, hutofautiana tangu herufi ya kwanza, hasa vikifuatana na picha. Kadhalika "Ingia" na "Toka" ni bora kuliko milango miwili iliyoandikwa maneno matatu matatu. Na penye maabara hakuna haja ya "Chumba cha". Mgeni anaona mwenyewe kwamba ni chumba. Kanuni ni hii: andika neno linalotofautisha, na lianze mbele.

Herufi kubwa tupu hazifai kwa majina ya mahali. Jock Kinneir na Margaret Calvert, walioandaa vibao vya barabara za Uingereza ambavyo vilianza kutumika rasmi mwaka 1965, waliandika majina ya miji kwa herufi kubwa mwanzoni na ndogo zilizosalia. Neno "Baiolojia" likiandikwa hivyo lina b, l na j zinazopanda na kushuka, na linachukua nafasi ndogo kuliko likiandikwa kwa herufi kubwa tupu.

Mshale uwe mmoja kwa kila upande. Ule wa kushoto uandikwe upande wa kushoto wa jina, na ule wa kulia upande wa kulia. Mshale wa juu maana yake ni "endelea mbele", na utumike kwa maana hiyo pekee. Kama kuna ngazi, chora ngazi.

Picha kwa asiyesoma

Hapa turudi kwa bibi. Wabunifu wengi wangemchorea chupa ya maabara kwa Kemia na darubini kwa Baiolojia. Lakini chupa ya maabara anaitambua aliyepata kuingia maabara. Kwa mwingine ni kibuyu chenye shingo. Picha ya namna hiyo huwasaidia wale ambao tayari wanaweza kusoma neno lililoandikwa chini yake.

Yafaa tutenganishe picha za namna mbili. Ya kwanza ni picha ya kitu chenyewe: bomba la maji, choo, sahani ya chakula. Ya pili ni picha ya kutaja mahali, ambayo haina haja ya kufanana na somo, mradi kila mtu aijue na aweze kuitamka. Hivi ndivyo panzi wa Mexico na wanyama wa Montreal walivyofanya kazi. Tunaweza kuwapa Fizikia mwezi, Kemia jogoo, Baiolojia samaki, Hisabati nyota, Jiografia mtumbwi, na Kilimo jembe. Picha hiyo hiyo ichorwe kwenye barua ya mwaliko, kwenye kibao cha mlingoti, na mlangoni. Mwanafunzi akienda nyumbani wiki moja kabla amwambie bibi yake, "Fuata jembe." Kuanzia hapo bibi hahitaji kuuliza wala kusoma.

Kutengeneza vibao

Neno refu kwenye vibao vyetu ni "Baiolojia", herufi 9. Kwa herufi za milimita 100, kila herufi pamoja na nafasi yake huchukua upana wa milimita 65 hivi kwa wastani:

9 × 65 mm = 585 mm

Tuongeze milimita 150 za picha, 150 za mshale, na 100 za pambizo kila upande. Jumla ni milimita 1,085. Kwa urefu wa kwenda juu, majina matatu yanachukua milimita 300, na nafasi nne (juu, chini na mbili za kati) za milimita 75 kila moja zinachukua 300 nyingine. Kibao basi kiwe milimita 1,085 kwa 600. Bao moja la plaiwudi la futi 8 kwa 4, yaani milimita 2,440 kwa 1,220, likikatwa mara nne hutoa vibao vinne vya milimita 1,220 kwa 610. Vitatu vitasimama penye mlingoti: cha kushoto chenye majina ya maabara tatu, cha kulia chenye Hisabati na Jiografia, na cha mbele chenye Bwalo, Kilimo na Choo. Cha nne kitasimama nyuma ya bwalo. Bao moja limetosha.

Herufi zikatwe kwanza kwenye karatasi ngumu ziwe violezo, ili kila a ifanane na a nyingine. Rangi iwe isiyong'aa, maana rangi inayong'aa huakisi jua kama kioo na kuficha maandishi. Mgongo wa kila kibao usiachwe wazi: uandikwe "Toka" na mshale wa kuelekea langoni, kwa kuwa kila aliyeingia atatafuta njia ya kurudi.

Langoni iwekwe ramani moja kubwa yenye alama ya "Uko hapa". Ramani hiyo igeuzwe ili kilicho mbele ya msomaji kiwe juu kwenye ramani, hata kama upande huo si kaskazini. Majaribio ya wanasaikolojia yameonyesha kwamba watu wengi hukosea njia ramani inapowekwa kinyume na uelekeo wanaotazama.

Ndani ya bwalo, ambamo watu wengi hukusanyika, kila mlango wa kutokea uwekewe alama ya kijani ya mtu anayekimbia kupitia mlangoni, alama iliyobuniwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970 na sasa inajulikana duniani kote. Mlango huo usifungwe kwa kufuli, wala usizibwe kwa meza ya maonyesho. Kibao kinachoelekeza kwenye mlango uliofungwa ni hatari kuliko kutokuwa na kibao.

Kujaribu kabla ya siku yenyewe

Dhana yoyote ya kisayansi hujaribiwa, na kibao ni dhana: kinadai kwamba atakayekiona ataelewa. Chora vibao kwa chaki kwenye maboksi, visimamishe mahali pake, kisha waalike watu 20 wasioijua shule. Wawemo wazee na wasiojua kusoma. Mpe kila mmoja kazi moja, kwa mfano, "Nenda Kilimo." Mfuate kwa mbali bila kumsaidia. Andika mahali aliposimama, alipogeuka nyuma, na alipokosea. Penye kituo cha wengi ndipo penye kibao kibovu.

Kiwango kimoja cha Marekani cha alama za usalama kinataka watu wasiopungua 85 kati ya 100 waielewe alama, na wasiozidi 5 waielewe kinyume. Sharti la pili lina uzito wa pekee: aliyeshindwa kuelewa atauliza, lakini aliyeelewa kinyume atakwenda njia mbaya kwa uhakika. Watu 20 ni wachache kwa kutoa asilimia za kuaminika, lakini watafichua makosa makubwa, na makosa makubwa ndiyo yanayorekebishwa kwa chaki na kitambaa cha maji kabla rangi haijapakwa.

Bibi yule aliondoka jioni ile baada ya mjukuu wake kumpeleka shambani na kumwonyesha mahindi penye giza la magharibi. Aliyaona, akayashika majani, akauliza ni mboji ipi iliyoshinda. Swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi tuliyouliza sisi waamuzi, na wageni wengine hawakulisikia.

Maswali na mazoezi

1. Kibao kinatakiwa kisomeke kutoka mita 30. Herufi ziwe na urefu gani? Mstari wa herufi uwe na unene gani?

2. Mgeni anapita vibao vinne, na kila kimoja kinaeleweka na watu 95 kati ya 100. Ni wangapi kati ya wageni 100 watakaofika bila kukosea?

3. Kibao kinaonekana kwa pembe ya digrii 45. Upana wa herufi umepungua kwa sehemu gani? Ungefanya nini?

4. Chora mchoro wa njia za shule yako. Weka alama kwenye kila njia panda, kisha kokotoa uwezekano wa mgeni anayebahatisha kufika maktaba.

5. Tafuta jozi tano za maneno ya Kiswahili yanayotumika kwenye vibao na yanayoanza kwa herufi sawa. Pendekeza maneno mafupi yanayotofautiana tangu mwanzo.

6. Zoezi la kikundi: chagueni picha sita za kutaja mahali. Waonyesheni watu kumi wa rika mbalimbali, mkiwauliza kila picha inaitwaje. Picha yoyote iliyopewa majina mawili tofauti ibadilishwe. Jadilini sababu yake.